Dripu au vidonge? Kumchagulia dawa mtoto ambaye lupasi imeingia kwenye figo

Maswali ya kweli hayaulizwi mbele ya daktari. Huulizwa kwenye korido, mama akiwa ameshika faili kifuani: "Dada, ingekuwa mwanao, ungechukua ipi?" Ndani ameambiwa majibu ya figo ya bintiye yametoka, ni daraja la nne, na kwamba njia ni mbili: dripu ya saiklofosfamaidi, ambayo hutumika pia kutibu saratani, au vidonge vya maikofenoleti, zote za kushusha kinga ya mwili. Ameitikia "ndiyo, daktari" mara tano. Alichoondoka nacho ni maneno matatu tu, "dawa ya saratani", na sasa anatafuta mtu wa kumweleza kwa Kiswahili cha nyumbani.

Mimi ni muuguzi, na dozi ya mtoto wako ni kazi ya daktari wake. Ila nimekaa na wazazi wengi wenye swali hilo, nikaona kinachowashinda. Mara nyingi hakimo ndani ya dawa yenyewe.

Kwanza, kwa nini hamna muda wa kuzungukazunguka. Lupasi ni askari wa mwili kumgeukia mwenye nyumba. Kwa watoto na vijana, zaidi ya nusu yao figo huguswa, mara nyingi ndani ya miaka miwili ya mwanzo. Wasichana ni wengi kuliko wavulana, hasa wakishavunja ungo, na kwa watu wa asili ya Kiafrika ugonjwa huwa mkali zaidi. Figo nazo haziumi. Mtoto huamka kope zimevimba, viatu vya shule vinaanza kubana, mkojo unatoa povu kama maji ya sabuni au unakuwa na rangi ya chai kavu. Huku kwetu kila dalili ina jina lake tayari. Ukikaa kandokando ya Ziwa Victoria au Pemba, mkojo wa damu ni kichocho. Homa ni malaria, isiposikia dawa ni taifodi. Viungo vikiuma, "anakua huyo", au ananunuliwa diklofenaki dukani, dawa ambayo figo zilizokwisha kuumizwa haziitaki kabisa. Nakumbuka binti wa miaka 14 aliyefika kwetu akiwa amenuniwa nyumba nzima kwa sababu kituo fulani kilimpima kaswende ikasoma chanya. Hakuwa na kaswende. Lupasi inaweza kukidanganya kipimo hicho, na kipimo cha pili, cha aina nyingine, ndicho kilichomsafisha mbele ya baba yake.

Kabla ya kulinganisha chochote, uliza kama mtoto amechukuliwa kinyama cha figo, yaani kipande kidogo sana cha kwenda kupimwa. Wazazi wengi hukataa hapo, "wasije wakamtoa figo." Kila figo ina vichujio kama milioni moja, sindano ya kinyama hutoka na makumi tu. Mtoto hulala kifudifudi, sindano huingia mgongoni huku ultrasaundi ikionyesha njia, kisha hulazwa chali kwa saa kadhaa tukiutazama mkojo wake kama una damu. Hatari ya kuvuja damu ipo, lakini kinyama ndicho kinachoonyesha daraja la ugonjwa, na bila hicho unachagua gizani. Daraja la kwanza na la pili kwa kawaida hayahitaji dripu wala vidonge vikali kwa ajili ya figo. La tatu na la nne ndiyo moto wenyewe, na hapo ndipo ulinganisho huu una maana. La tano ni figo kuvujisha protini, likiwa peke yake au limepanda juu ya la tatu au la nne. La sita ni makovu. Hapo dawa kali huleta madhara yake bila faida, na mazungumzo huhamia kwenye kusafisha damu na kupandikiza figo.

Kuna jambo huwavunja moyo wazazi na ni heri nilitoe mapema: njia zote mbili zina steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe na kinga. Mara nyingi huanza kwa dripu ya methilipredinisoloni siku tatu mfululizo, kisha vidonge vya predinisoloni vinavyopunguzwa taratibu. Njia zote mbili pia zina haidroksiklorokwini kila siku, isiyozidi takriban miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito, pamoja na kwenda kupimwa macho. Na kwa wengi ipo dawa ya presha ya jamii ya enalaprili au losatani, ambayo huzuia protini isivuje. Kwa hiyo kuchagua vidonge ili mtoto asinenepe uso si hoja. Uso utanenepa vyovyote vile. Michirizi itatoka mapajani, chunusi zitakuja, na msichana wa kidato cha pili atachukia kila picha yake. Hilo si jambo dogo, kwa sababu ndilo humfanya atupe vidonge chooni, na predinisoloni ikikatwa ghafla inaweza kumwangusha kabisa.

Sasa turudi kwenye swali la korido.

Kwa nguvu ya kuzima moto, dawa hizi zimepanda mizani zikakaribiana sana. Utafiti mkubwa wa kuzipambanisha, uliotolewa mwaka 2009, ulikuwa na wagonjwa 370 kutoka nchi nyingi, walioanzia umri wa miaka 12, ingawa watoto walikuwa wachache. Baada ya wiki 24, waliopata nafuu ya kutosha walikuwa kama 56 kwa kila 100 upande wa vidonge na 53 upande wa dripu. Huo si ushindi wa mtu. Tazama pia upande wa pili wa hesabu hiyo: miezi sita karibu nusu walikuwa bado, basi usije ukalia mwezi wa tatu ukadhani mmechagua vibaya. Walipochambua kwa asili za watu, kundi lililokuwa na weusi wengi lilifanya vizuri zaidi kwa vidonge, 60 dhidi ya 39 kwa kila 100. Kundi hilo lilikuwa dogo, na mimi sijengi nyumba juu ya namba moja. Lakini ni sababu mojawapo ya madaktari wengi kuegemea vidonge kwa watoto wetu, pale vinapopatikana.

Dripu yenyewe si moja, na hili wazazi hawaambiwi vya kutosha. Ipo ya zamani, iliyojijengea jina tangu miaka ya 1980: dozi kubwa mara moja kwa mwezi, miezi sita, nusu gramu hadi gramu moja kwa kila mita ya mraba ya ngozi ya mtoto. Na ipo ya Ulaya: miligramu 500 kila wiki mbili, mara sita, basi. Miezi mitatu imekwisha, jumla gramu 3. Utafiti wa 2002 uliozilinganisha ulikuwa na wagonjwa 90, wengi wao Wazungu na watu wazima, na walipofuatiliwa miaka kumi dripu fupi haikuachwa nyuma na ile ndefu. Ukisikia "dripu", uliza ni ipi, maana madhara yake hupanda pamoja na jumla ya dawa iliyoingia mwilini.

Maisha ya nyumbani ndiyo yanayozitenganisha kweli. Maikofenoleti ni asubuhi na jioni, kila siku, ikiwemo Idi, Krismasi, msiba wa Moshi na wiki ya mitihani. Katika wiki za mwanzo humvuruga tumbo, akaharisha au akapata kichefuchefu. Daktari huanza na dozi ndogo akiipandisha. Usimpe dawa ya kiungulia yenye magnesiamu au aluminiamu kwa wakati mmoja, kwa sababu huzuia maikofenoleti isiingie mwilini ipasavyo. Usisage vidonge wala kufungua kapsuli, hasa kama wewe mwenyewe una mimba, kwani unga wake si salama kwa mtoto aliye tumboni. Asiyeweza kumeza aombewe ya maji.

Dripu ina kero zake, ila zimekusanyika siku moja. Mtoto anakuja asubuhi, anapimwa damu, na chembe nyeupe zikiwa chini sana anarudishwa nyumbani bila dawa. Hiyo nauli imekwenda bure. Akipokelewa, anapata ya kuzuia kutapika, anapewa maji mengi, mara nyingine na mesna ya kulinda kibofu, na usiku ule aamshwe akojoe, kwa sababu mabaki ya dawa yakikaa kwenye kibofu huweza kukitoa damu. Nywele zinaweza kupungua. Kwa dripu fupi si sana. Siku ya nane mpaka ya kumi na nne chembe nyeupe hushuka chini kabisa. Homa ya kipindi hicho haisubiri panadoli wala kesho, ni hospitali usiku huohuo. Anayefua mashuka yake siku mbili za mwanzo avae glavu.

Faida yake kubwa ni hii: ikishaingia kwenye mshipa, imeingia. Hakuna wa kuitema, hakuna wa kuificha chini ya godoro. Sisemi kwa kuwadharau vijana. Mtoto wa bweni anayekwenda kwa matroni kuomba dawa mara mbili kwa siku, wenzake wakimtazama, anahitaji moyo ambao watu wazima wengi hatuna. Nimeona mkojo uliojaa protini miezi minne mfululizo, daktari akikaribia kusema dawa imeshindwa, kumbe kopo limejaa. Hata miongozo ya kimataifa inasema wazi kwamba pale umezaji wa vidonge unapotiliwa shaka, dripu ni chaguo la busara. Kwa hiyo kabla hujaniuliza ipi ni bora, nami nakuuliza: nani atamwona akimeza? Jina la mtu, na saa. "Tutamkumbusha" si jibu.

Halafu uzazi. Hapa baba hutoka nje kupokea simu, na mama huinamisha kichwa. Saiklofosfamaidi inaweza kuunguza ovari na korodani. Hatari hupanda kwa jumla ya dozi na kwa umri. Msichana mdogo ana akiba kubwa ya mayai kuliko mwanamke wa miaka 35, na kwa gramu 3 za dripu fupi hatari ni ndogo. Dripu kubwa zikirudiwa mwaka baada ya mwaka ni habari nyingine. Kwa mvulana, kutobalehe hakumkingi sana kama watu wanavyodhani. Aliyebalehe anaweza kuhifadhiwa mbegu pale huduma ilipo, lakini lazima iwe kabla ya dripu ya kwanza. Kwa msichana aliyevunja ungo, uliza kuhusu sindano ya kuzilaza ovari wakati wa dripu. Maikofenoleti haigusi uwezo wa kuzaa baadaye, na kwa familia nyingi hilo pekee humaliza mjadala.

Lakini mimba ikiingia akiwa kwenye vidonge, huenda ikatoka, au mtoto akazaliwa na kasoro za masikio, mdomo au moyo. Lazima viachwe angalau wiki sita kabla ya kutafuta mimba. Saiklofosfamaidi pia ni hatari kwa mimba, na enalaprili na losatani vilevile. Hivyo mazungumzo ya uzazi wa mpango hayaepukiki njia yoyote. "Huyu bado mtoto, dada." Najua, mama. Ana miaka 16, na nisipomwambia mimi hakuna atakayemwambia. Kijiti au kitanzi kwa kawaida vinafaa; vidonge vyenye estrojeni sivyo, hasa lupasi ikiwa imechachamaa au damu yake ikiwa na tabia ya kuganda.

Pesa. Sitakupa bei, zinabadilika kila duka, ila hesabu ya idadi naweza kukufanyia. Binti wa kilo 45 hivi ana ngozi ya karibu mita 1.4 za mraba. Maikofenoleti kwa watoto ni kama miligramu 600 kwa kila mita, mara mbili kwa siku. Hiyo ni vidonge vitatu hadi vinne vya miligramu 500 kila siku. 90 hadi 120 kwa mwezi. 540 hadi 720 kwa miezi sita. Dripu fupi ni chupa sita za miligramu 500 kwa safari nzima. Dripu kubwa ni chupa mbili au tatu kila mwezi, mara sita. Ukiangalia dawa tupu, dripu humshinda mwenzake kwa urahisi, tena ni dawa ya siku nyingi inayowekwa kwenye hospitali zinazotibu saratani. Kisha weka nauli. Anayetoka Mbagala kwenda Muhimbili na anayetoka kijiji cha Sumbawanga kwenda hospitali ya rufaa Mbeya hawafanyi hesabu moja: watu wawili, kwenda na kurudi, kila wiki mbili, na mahali pa kulala iwapo damu imesoma vibaya. Mwenye bima asiridhike na "ipo". Aulize kama maikofenoleti imo kwenye kitita cha mafao yake kwa ugonjwa huu, kwa kiasi kipi kwa mwezi, na nani husaini fomu daktari wake akiwa likizo.

Kipo kitu kibaya kuliko dripu na kibaya kuliko vidonge, nacho ni vidonge vya miezi miwili. Familia inachangishana, wajomba wanatuma kwa simu, mwezi wa kwanza unapita, wa pili unapita, wa tatu wanapunguza kimoja kimoja "ili visogee". Moto uliofunikwa hivyo huwaka tena. Afadhali dripu fupi iliyokamilika.

Basi mimi, kwenye korido, hujibu hivi. Vidonge vikiwa na uhakika wa kupatikana miezi sita bila pengo, na yupo mtu mzima wa kumsimamia, chukueni vidonge. Uhakika huo ukikosekana, au kijana ana historia ya kuficha dawa, muulizeni daktari juu ya dripu fupi, na msijione mmempa mtoto cha pili kwa ubora. Figo zikiwa zinaporomoka wiki kwa wiki, au lupasi imepanda kichwani, wengi bado huikimbilia dripu kubwa, na hapo simbishii daktari. Mtoto aliyewahi kulazwa kwa maambukizi makali hapati nafuu kwa kukwepa upande mmoja, kwani zote mbili hushusha kinga. Apimwe kifua kikuu, homa ya ini na VVU kabla ya kuanza, na chanjo hai kama ya surua au homa ya manjano asipewe akiwa kwenye dawa hizi.

Na mtoto mwenyewe aulizwe. Nilishangaa binti mmoja kuchagua dripu huku mama yake akiililia vidonge. Sababu yake? "Dripu naumwa siku mbili, halafu ninakuwa mtu wa kawaida. Vidonge vitanikumbusha kila siku."

Sikumwambia wakati ule kwamba vidonge vingemngoja mbele. Baada ya moto kuzimwa huja kipindi cha kulinda, na hicho hakina dripu. Jumla ya matibabu, kuzima na kulinda, haipungui miaka mitatu. Hapo ushindani ni kati ya maikofenoleti kwa dozi ndogo zaidi na azathayoprini, kidonge kingine cha kushusha kinga. Utafiti uliotolewa 2011 uliwafuatilia wagonjwa 227 kwa miaka mitatu: tiba ilishindwa kwa 16 katika kila 100 wa maikofenoleti, na 32 wa azathayoprini. Mwingine wa Ulaya, wenye watu 105, haukuona tofauti. Azathayoprini kwa kawaida ina bei nafuu na inaruhusiwa wakati wa ujauzito, hivyo kwa dada wa miaka 19 anayekaribia kuolewa mizani hugeuka. Ziko pia sindano mpya. Belimumabu iliruhusiwa Marekani mwaka 2022 kwa watoto wenye lupasi ya figo kuanzia miaka 5. Huongezwa juu ya dawa hizi, na bei yake bado iko mbali na mfuko wa mzazi ninayekutana naye.

Mkishachagua, andikeni tarehe tatu nyuma ya daftari la kliniki. Miezi mitatu: protini kwenye mkojo iwe imeshuka angalau robo. Miezi sita: angalau nusu. Mwaka: iwe imekaribia kawaida, chini ya gramu 0.5 hadi 0.7 kwa kila gramu moja ya kriatinini, taka ya misuli inayopimwa kwenye mkojo huohuo. Njooni na mkojo wa asubuhi, ule wa kwanza, kwenye kikopo safi. Ikifika tarehe na namba imegoma, jambo la kwanza ni kuhesabu vidonge vilivyobaki bila kumgombeza mtoto. Vikiwa vimemezwa vyote, aliyeanza na vidonge huhamia dripu, na wa dripu huhamia vidonge. Hiyo ni kazi ya kawaida ya kliniki, na faili lenu haliandikwi popote kwamba mlikosea.